TAHARIRI: ANAYELIMA KWA WASIWASI HAWEZI KUITUNZA ARDHI



Mji wetu wa Babati unakua. Tangu ulipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, ofisi, shule na nyumba za kupanga zimeongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu zaidi ya 93,000 katika Halmashauri ya Mji. Ile ya mwaka 2022 ilikaribia watu 130,000. Hapa Singe tunayaona mabadiliko hayo kwa macho. Mtu hutoka alfajiri na jembe begani, akampita jirani yake anayeshusha matofali katika shamba lililovunwa mahindi mwaka jana.

Wako wanaosema kwamba kulima mjini ni dalili ya kubaki nyuma. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 1974, nchi ilipokabiliwa na njaa, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwataka hata wakazi wa mijini washike jembe. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu mtu kulima mjini eneo lisilozidi ekari 3, na Sera ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 ilikitambua kilimo hicho. Basi mkulima wa mjini si mvamizi. Analisha nyumba yake, na kinachobaki kinafika sokoni bila nauli ya mbali.

Swali letu leo ni lingine: je, anayelima ana hakika ya kuvuna matunda ya jasho lake?

Tuchukue mfano wa mama mjane aliyekodi ekari moja kwa msimu mmojammoja, bila maandishi. Anajua yaliyo mema. Anajua kwamba mbaazi zikipandwa pamoja na mahindi hazigombani nayo, kwa kuwa hukua polepole mwanzoni. Mahindi yakishavunwa zenyewe huendelea, mizizi yake ikishuka chini sana, na majani yake yakianguka na kuirutubisha ardhi. Anajua kwamba samadi iliyooza vizuri huendelea kuinufaisha ardhi hata katika mwaka wa pili na wa tatu. Anajua pia kwamba matuta yaliyokingama na mteremko huzuia maji yasichukue udongo.

Lakini kazi zote hizo zahitaji muda. Kwa nini abebe samadi ndoo kwa ndoo, ikiwa mwakani shamba litapewa mwingine kwa kodi kubwa zaidi, kwa sababu yeye amelistawisha? Kwa nini achimbe matuta mahali ambapo huenda msingi wa nyumba utachimbwa kabla ya masika? Mama huyu si mvivu wala si mjinga. Wasiwasi ndio unaomfundisha kuchukua kwa haraka na kuondoka. Kwa hiyo, ndugu zangu, uchovu wa ardhi yetu hauponywi kwa semina ya kilimo peke yake. Mahali pasipo na haki, hata mbegu bora hulala njaa.

Wala hasara hiyo haiishii kwa mpangaji. Udongo usiozuiliwa shambani hushuka na maji hadi Ziwa Babati na kupunguza kina chake. Wazee wanakumbuka jinsi ziwa lilivyofurika mwaka 1990 na maji yakaingia mjini. Aidha, anayelima kwa haraka hushawishika kunyunyiza dawa kupita kiasi, au kumwagilia maji yoyote yaliyo karibu. Katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wataalamu walipima mboga zilizokuzwa kando ya mto uliochafuliwa, wakakuta ndani yake madini yenye sumu. Mboga hizo ziliuzwa kwa familia kama zetu.

Maandiko Matakatifu yanatupa kisa cha Naboti (1 Wafalme 21). Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu lililokuwa karibu na nyumba yake. Hakuanza kwa upanga. Alianza kwa kuahidi shamba lingine au fedha. Naboti alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Nasi twajua alivyouawa. Hatusemi kwamba kila mnunuzi wa kiwanja ni Ahabu. Mwenye shamba ana haki ya kuuza, na mara nyingi karo ya mtoto au ugonjwa humlazimisha. Lakini baba anayeuza kwa siri, mkewe akapata habari siku ya kuchomekwa vigingi, anainyang'anya nyumba yake mwenyewe chakula. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinalinda haki ya mwenzi wa ndoa. Tusisubiri mahakama ndiyo itukumbushe.

Basi tufanye nini?

Kwanza, Kanisa lianze na nafsi yake. Penye ardhi ya parokia au ya kigango isiyotumika, Halmashauri ya Walei ifikirie kuwakodisha wasio na shamba kwa miaka mitatu au zaidi, kwa masharti ya kutunza udongo. Hatuwezi kuwahubiria wenye mashamba jambo ambalo sisi wenyewe hatujalitenda.

Pili, mwenye shamba na mpangaji waandikiane mbele ya mashahidi na kiongozi wa mtaa au kijiji, wakitaja idadi ya miaka, kodi, na fidia ya mazao iwapo shamba litatakiwa mapema.

Tatu, familia zikae pamoja kabla ya kuuza. Zijiulize: fedha hizi zikiisha, tutakula nini?

Nne, mipango ya mji inapojadiliwa, waamini wahudhurie mikutano. Wadai maeneo ya kilimo na kingo za vijito yatengwe katika ramani kama yatengwavyo maeneo ya shule na soko. Asiyefika mkutanoni asishangae kukuta bikoni shambani.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Ni nani katika jumuiya yetu analima bila hakika ya msimu ujao?
2. Je, sisi tunaokodisha mashamba, tumewahi kumwongezea mtu kodi kwa sababu ya jasho lake mwenyewe?
3. Kigango chetu kina ardhi kiasi gani, na nani anaitumia?

Majibu yaletwe kwa Tume kwa maandishi. Yale yahusuyo ardhi ya Kanisa yatakuwa ya kwanza kujadiliwa.