Weupe wa Ramani Si Pori

Mtu akiniambia amepanga kutembea kwa miguu kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kisha afuate mwambao wa ziwa hadi Liuli na Lituhi, na kwamba simu inamtosha, huwa namuuliza: simu hiyo imekuonyesha njia ya nani? Mara nyingi jibu ni mstari wa bluu unaofuata lami. Kilomita 66 za lami ni jambo jema, lakini zilijengwa kwa ajili ya magari. Anayezifuata kwa miguu hajatembea Umatengo, amesindikiza malori.

Ugomvi wangu si kwamba simu ina makosa. Kila ramani ina makosa. Ugomvi wangu ni na sisi wasomi vijana, tuliozoea kuamini kwamba kisichoonekana kwenye kioo hakipo. Tazama eneo lililo kati ya Mbinga na ziwa kwenye programu ya kawaida: barabara chache, majina machache ya vijiji, halafu weupe. Ndani ya weupe huo kuna kahawa. Kuna mashamba ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa mrabamraba kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo. Kuna ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito, ardhi yenye ukoo wake na mipaka ambayo kila mtoto wa pale anaijua. Mtembezi anayechora mstari mnyoofu juu ya weupe huo ili kufupisha safari atakanyaga kingo za mashimo ya mtu. Ukingo ukibomoka, maji yamepata mlango. Naye akiuweka mstari wake mtandaoni, wa pili na wa ishirini watapita palepale.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi. Hao hutafuta karatasi za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000. Nakubaliana nao nusu. Sentimita mbili kwa kilomita moja, pamoja na mistari ya mwinuko, hukuambia ukweli ambao mstari wa bluu unauficha. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mbinga ipo kwenye nyanda za juu, ziwa lipo chini ya mita 500, na katikati kuna mabonde ya kushuka na kupanda tena. Bila mistari ya mwinuko huwezi kujua utalala wapi.

Lakini karatasi nyingi za aina hiyo zilichorwa kutokana na picha za angani zilizopigwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Mlima haujahama, watu wamehama. Anayetegemea karatasi peke yake anatembelea nchi ya babu yake.

Tena ramani ina upande. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa, na Malawi inausimamia hadi leo. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Kwa ramani inayofuata mkataba ule, mvuvi wa Liuli akisukuma mtumbwi tu, tayari yuko nchi nyingine. Hakuna mtu wa Liuli anayeishi ndani ya ramani hiyo.

Kwa hiyo chagua hivi. Karatasi kwa ajili ya milima. OpenStreetMap kwa ajili ya vijiji, kwa sababu unaweza kuipakua kabla ya safari, na ukikuta kosa unalirekebisha. Na juu ya zote mbili, mwenyeji.

Najua mtacheka: mwenyeji atasema "hapo tu", nawe utembee saa tatu. Basi usiulize umbali. Uliza mto.

"Shikamoo bibi. Njia hii inafika ziwani?"

"Marahaba mjukuu wangu. Inafika. Ila masika usipite huku, maji yanajaa. Zunguka kule juu, na ubishe hodi, ni shambani kwa watu."

Nionyesheni programu yenye masika ndani yake. Nionyesheni yenye hodi.

Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaweka wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam pamoja mitaani, wakachora mitaa inayofurika. Umatengo na mwambao wa Nyasa vinastahili kazi hiyohiyo. Kijito kisicho na jina kwenye ramani ni vigumu kukiombea daraja, na anayekivuka na gunia kichwani si mtalii. Sisi wenye simu, muda wa likizo na shahada tunaweza kuanza na njia moja. Tuombe ruhusa ya wenye ntambo, tuandike majina wanayoyatumia wao, na wakisema njia fulani isiwekwe mtandaoni, isiwekwe.

Asiyetaka taabu hiyo apande basi. Linafika Mbamba Bay siku hiyohiyo.