Kalemie ni zaidi ya bandari na reli

Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo, nchini Kongo, ilifika Ziwa Tanganyika, na mji ulioitwa Albertville ukapata kazi: kupokea mizigo ya bara na kuivusha kuelekea Kigoma. Wakoloni walichora ramani. Sura ya mji, hata hivyo, imejengwa na wakazi wake.

Jina la Kalemie lilichukua nafasi ya lile la Kibelgiji miaka ya 1960. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilisimama, lakini jina lake halijatoka midomoni mwa watu. Alfajiri wavuvi hurudi na taa zao, akina mama hununua ndagala, yaani dagaa, na kuwaanika juani; harufu yao mtoto wa Kalemie huitambua hata akiwa Lubumbashi. Ndiyo maana mahali hapapimwi kwa majengo tu.

Karibu na mji, Mto Lukuga hutoa maji ya ziwa kuelekea Mto Kongo, na hakuna mto mwingine unaoyatoa. Maji yakizidi, mji huumia: ziwa lilipofurika mwaka 2021, nyumba na biashara za ufukweni zilizama.

Tangu 2015 Kalemie ni makao makuu ya mkoa. Viongozi wakipanga bandari mpya, wakae kwanza na wavuvi na wachuuzi wa ndagala, wawasikilize.