UTANI MSIBANI: SINEMA ZA BAADA YA KIAMA

Mtani hufika msibani bila kualikwa. Wakati wafiwa wameinamisha vichwa, yeye huvaa kanzu ya marehemu, huigiza kikohozi chake, hudai deni la uongo, na pengine huzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Watu hucheka huku machozi yakiwatoka, wala hapana amwonaye kuwa mkosefu wa adabu, kwani kazi hiyo ni haki yake. Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo na wengineo wa Tanzania wanaijua haki hiyo tangu enzi za mababu.

Huko Uingereza na Marekani mazishi hayana mtani wa namna hiyo. Hata hivyo, kati ya mwaka 1969 na 1975 watengenezaji wachache wa sinema katika nchi hizo walijitwika kazi yake, na msiba walioufanyia utani ulikuwa ni kifo cha karibu watu wote duniani. Sinema zao zilitengenezwa kwa fedha haba, nyingi zilipata hasara, na baadhi ya wakubwa wa makampuni waliozilipia walizionea haya. Lakini zinatazamwa mpaka leo, na kwa msomaji aliyevaa sare, au aliyeolewa na mvaa sare, zina jambo la kumhusu.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya miaka ile. Bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti, 1945. Watoto waliozaliwa wakati huo walikua wakifundishwa, hasa katika shule za Marekani, kujificha chini ya madawati endapo bomu lingeanguka. Kana kwamba ubao wa dawati ungeweza kuzuia moto wa namna ile. Oktoba 1962 Marekani na Urusi zilikaribia kupigana kwa ajili ya makombora yaliyowekwa Kuba. Waingereza walikwisha kuambiwa kwamba king'ora kingewapa dakika nne tu. Kisha vikaja vita vya Vietnam, na vijana wengi wakaanza kukataa kila walichoambiwa na wazee wao: wakafuga nywele, wakachoma karatasi za kuitwa jeshini, wakahamia mashambani kuishi kwa ujamaa wao wenyewe. Hao ndio walioitwa mahipi. Sinema za utani wa kiama zilizaliwa katika ghasia hiyo.

Iliyo bora kupita zote ni The Bed Sitting Room ya mwaka 1969, maana yake chumba kimoja cha kupanga, ambamo mtu hulala, hupika na kupokea wageni. Ilitokana na mchezo wa jukwaani ulioandikwa na Spike Milligan na John Antrobus, ukaigizwa mara ya kwanza mwaka 1962. Aliyeongoza sinema ni Bwana Richard Lester, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza na aliyekwisha kupata sifa kwa sinema za wanamuziki wa Beatles.

Katika kisa hiki vita vya nyuklia vimekwisha miaka mitatu au minne iliyopita. Hapana mwenye hakika. Vilichukua dakika mbili na sekunde 28 tu, pamoja na muda wa kutia sahihi mkataba wa amani. Waliobaki Uingereza nzima hawafiki hata dazeni mbili. London imekuwa matope na majalala, kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo limechomoza peke yake, na mahali pengine pana lundo la mabuti yasiyo na wenyewe. Watu hawa wachache wanafanya nini? Wanaendelea na kazi zao kama jana.

Msoma habari wa BBC amevaa koti la heshima kiunoni kwenda juu; chini ni matambara. Huenda nyumba kwa nyumba, akachuchumaa nyuma ya televisheni isiyo na kioo, akasoma taarifa ya mwisho kabla ya bomu. Idara ya afya ya taifa nzima ni mwuguzi mmoja tu, na mama mmoja aliye hai anapewa naye hati ya kifo. Kwa kuwa hati imeandikwa, basi amekufa. Treni moja ya chini ya ardhi bado inazunguka, umeme wake ukitoka kwa mtu anayekanyaga baiskeli, na humo inaishi familia inayokula chakleti za mashine za stesheni. Binti yao, aliyeigizwa na Bibi Rita Tushingham, ni mjamzito wa miezi 17. Juu angani wanaelea polisi wawili ndani ya gari bovu lililofungwa kwenye puto, nao hupaza sauti kwa kila wamwonaye kwamba asisimame, atembee, asije akalengwa vita vikirudi. Msomaji aliye polisi asikasirike. Polisi hao ndio pekee katika nchi hiyo wasiokosa kazini hata siku moja.

Halafu yupo mheshimiwa mmoja, Lord Fortnum, aliyeigizwa na mzee Ralph Richardson. Anakwenda kwa daktari kulalamika kwamba anajihisi anageuka kuwa chumba cha kupanga. Na kweli anageuka, kuta, mlango na dirisha. Linalomwumiza si kugeuka bali mtaa alipogeukia, kwa kuwa si wa matajiri. Tena, akiwa tayari ni matofali, bado anataka kibandikwe kikaratasi kwamba watu weusi wasipangishwe. Waafrika walioishi London katika miaka hiyo walivijua vikaratasi hivyo madirishani, mpaka sheria ilipopiga marufuku ubaguzi katika upangishaji wa nyumba mwaka 1968. Hapa utani unauma: nchi imeteketea, nyumba zimekwisha, wapangaji wamekwisha, bali ubaguzi umetoka motoni mzima.

Wako wanaouliza kama ni halali kufanyia mzaha jambo la kutisha kiasi hiki. Jibu linapatikana katika maisha ya walioucheza mchezo. Milligan, aliyezaliwa India kwa baba askari, alikuwa askari wa mizinga katika Vita Vikuu vya Pili; alipigana Afrika Kaskazini na Italia, akajeruhiwa karibu na Monte Cassino mwaka 1944, fahamu zake zikatikisika, akavuliwa na kicheo chake kidogo. Harry Secombe alikuwa naye vitani, katika mizinga vilevile. Yasimuliwa kwamba walikutana siku ambayo mzinga mkubwa wa kikosi cha Milligan uliporomoka gengeni ukaanguka karibu na gari la Secombe, naye Milligan akatokea gizani akiuliza kama kuna aliyeona mzinga umepita. Jimmy Edwards, ambaye katika sinema ni mtu aliyedhaniwa sanduku akawekwa kwenye stoo ya mizigo ya stesheni, alikuwa rubani wa kijeshi. Ndege yake iliangushwa Arnhem mwaka 1944, akaungua uso, akapewa nishani ya ushujaa. Richardson na Michael Hordern, aliyecheza daktari, walitumikia jeshi la majini.

Basi hawa hawakuwa watoto wa mjini waliocheka kitu wasichokijua. Walikuwa watu wa handaki, na kila aliyekaa handakini anajua kwamba mzaha wa huko ni mweusi kuliko wa sebuleni. Tena hawawacheki wafu. Wanaochekwa ni walio hai wanaong'ang'ania cheo, fomu na muhuri wakati kilichovipa maana kimekwisha toweka. Secombe anacheza mtu aliyeokoka ndani ya handaki la serikali, akiendelea kukumbuka jinsi alivyowapiga risasi mkewe na mama yake walipomsihi awafungulie mlango. Anakumbuka bila kutetemeka. Hapo mtazamaji aliyekuwa akicheka hunyamaza.

Kampuni iliyolipia, United Artists, haikupendezwa, ikachelewa kuitoa. Ilipotoka, watazamaji hawakuja. Lester hakuongoza tena sinema ndefu mpaka ile ya mashujaa wa panga wa Ufaransa, The Three Musketeers, ya mwaka 1973.

Ng'ambo ya Atlantiki, Bwana Roger Corman alikuwa bingwa wa sinema rahisi. Mwaka 1960 aliwahi kupiga picha za sinema nzima kwa siku mbili na ziada kidogo. Sinema yake Gas-s-s-s ilitoka mwaka 1970. Gesi imevuja katika mtambo wa jeshi huko Alaska, na kila mtu aliyepita umri wa miaka 25 amekufa. Mahipi waliokuwa wakisema wazee ndio walioiharibu dunia sasa wameachiwa dunia yenyewe. Kijana na msichana wanasafiri kutoka Texas kwenda New Mexico wakitafuta mahali pa amani, na njiani wanaona wenzao walivyoitumia nafasi hiyo. Wachezaji wa timu moja ya mpira wamekuwa jeshi la uporaji, wakifanya mazoezi ya kunajisi na kuchoma kama walivyokuwa wakifanyia mazoezi ya mechi. Genge la waendesha pikipiki limejitwalia uwanja wa gofu na kuulinda kwa ukali kuliko matajiri waliokuwa wenye uwanja. Ujana peke yake, kumbe, haukumsafisha mtu.

Jina kamili la sinema hiyo ni refu, na nusu yake ya pili husema kwamba ililazimu kuiangamiza dunia ili kuiokoa. Hilo halikutungwa hewani. Februari 1968, baada ya mji wa Ben Tre huko Vietnam kuvunjwavunjwa kwa mabomu na mizinga, mwandishi wa habari Peter Arnett alinukuu ofisa mmoja wa Kimarekani akisema kwamba mji ule ilibidi uharibiwe upate kuokolewa. Corman alibadili neno moja tu. Ni shida kutunga mzaha mchungu kuliko sentensi ya ofisa yule aliyesema kwa dhati.

Kwa haki, Gas-s-s-s haijakamilika vizuri. Inarukaruka, na mizaha yake mingine imezeeka pamoja na nywele za mahipi. Sehemu ya lawama ni ya kampuni, iliyoikatakata bila idhini ya Corman na kuondoa hata picha ya mwisho aliyoithamini. Alikasirika, na mwaka huo huo wa 1970 akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Alifariki Mei 2024, akiwa na miaka 98.

Ya tatu ni A Boy and His Dog ya mwaka 1975, iliyoongozwa na L.Q. Jones, mwigizaji wa sinema za kauboi, kwa takriban dola 400,000. Kwa kulinganisha, Star Wars ya miaka miwili baadaye iligharimu kiasi cha dola milioni 11. Jones hakuhitaji kujenga dunia iliyoharibika. Alikwenda kwenye jangwa la California, ambako hapakuwa na kitu, na hapo hapo kiama kikapatikana bure. Kisa, kutoka hadithi ya Harlan Ellison, kiliwekwa mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na Mungu ashukuriwe kwamba utabiri haukutimia.

Kijana Vic hajui kusoma wala hana utu. Mbwa wake, Blood, ndiye msomi: humsemesha kwa mawazo, humfundisha historia na majina ya marais, humwonya hatari inapokaribia. Chini ya ardhi wako watu walioufufua mji wa zamani wa Topeka, wenye bendi ya matarumbeta, maandamano, na nyuso zilizopakwa rangi nyeupe. Kamati ya wazee huketi mezani na kumpeleka shambani yeyote asiyeonyesha heshima ya kutosha. Na shambani maana yake ni kuuawa. Shughuli huchukua dakika moja, kisha wanapita kwenye ajenda inayofuata. Ni sehemu yenye nguvu kuliko zote katika sinema hiyo, maana wanakamati hawana hasira hata kidogo.

Lakini ina doa kubwa. Wanawake ndani yake huwindwa kama swala, na sinema haionekani kulisikitikia jambo hilo. Mwandishi Joanna Russ aliishambulia kwa sababu hiyo mwaka ule ule wa 1975, na shambulio lake halijajibiwa. Ellison mwenyewe aliuchukia mzaha wa mwisho kabisa, uliowekwa na Jones, wala haufai kusimuliwa katika ukurasa usomwao na watoto. Pamoja na hayo, ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1976.

Wazazi wataka kujua ipi iingie nyumbani. A Boy and His Dog isiwekwe kabisa watoto wakiwa macho. Gas-s-s-s nayo ina mambo ya kitandani na maneno ya unajisi, hivyo ni ya watu wazima. The Bed Sitting Room inaweza kutazamwa na kijana wa sekondari akiwa na mkubwa wa kumweleza, ingawa mtoto wa kwanza wa yule binti huzaliwa na kufa, na sehemu hiyo ni nzito kwa mama aliyefiwa. Mtoto wa pili huzaliwa mzima. Wakati huo bendi inampigia saluti Bibi Ethel Shroake, aliyekuwa mfagiaji wa malkia, kwa kuwa ndiye aliyebaki wa karibu zaidi katika kurithi kiti. Taasisi ya sinema ya Uingereza iliitoa upya mwaka 2009, na rangi zake, za matope mekundu na anga la manjano, zinaonekana sasa kama alivyozipiga David Watkin.