Kabla Hujamfungia Mlango

Mama mwenzangu, siku mwanao akiingia nyumbani amenyoa panki, ametoga sikio kwa pini ya nepi, suruali imechanika magotini, utafanya nini? Wengi wetu tutagomba kabla ya kuuliza neno.

Mtindo huo ulitokana na muziki wa panki, ambao ulianza kuvuma Uingereza mwaka 1976, wakati vijana wengi hawakuwa na kazi. Magitaa yao yalipiga kelele na maneno yao yalikuwa makali. Muziki huo ukafika hata Ujerumani Mashariki, nchi ambayo bendi haikuruhusiwa kupiga hadharani bila kibali cha serikali. Huko, mavazi tu yalitosha kumfanya kijana asimamishwe na polisi barabarani. Mwaka 1983 polisi wa siri waliagizwa kuwakomesha. Mwaka huohuo wanamuziki wa bendi ya Namenlos, yaani Wasio na Jina, walikamatwa Berlin Mashariki, wakafungwa kwa sababu ya nyimbo zao.

Nani aliwapokea vijana hawa? Ni baadhi ya makanisa ya Kiprotestanti, ambayo serikali haikuyatawala kama ilivyotawala shule na kumbi za muziki. Wachungaji na mashemasi kadhaa waliwafungulia milango, wakawaacha wapige muziki wao. Waumini wengine walinung'unika juu ya kelele, pombe na uchafu. Tena vijana wengi hawakuwa watu wa sala. Hata hivyo walipata mahali pa kusema yaliyowauma, ingawa wapelelezi walipenya hata humo, wengine wakiwa marafiki zao wa karibu. Mwaka 1989, watu walipoandamana kudai uhuru, wengi wakianzia makanisani, vijana wa panki nao walikuwamo. Novemba mwaka huo ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Sisemi umruhusu mwanao kila jambo. Ulevi ni ulevi, na heshima ya nyumba ibaki. Lakini kabla ya kushika mkasi, mkaribishe chai, umwulize kwa upole, "Mwanangu, nini kinakusumbua?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Huenda analia juu ya jambo la kweli, ila hajui kulisema kwa adabu.

Nywele zitaota tena. Mtoto aliyefungiwa mlango na mama yake atabisha kwingine, na hujui ni nani atakayemfungulia.