Ngome iliyogeuzwa kokoto

Clatchard Craig, karibu na mji wa Newburgh kule Uskoti, kulikuwa na kilima. Ukienda leo utapata timbo.

Juu ya kilima hicho Wapikti walijenga ngome. Hawa ndio waliotawala kaskazini na mashariki mwa Uskoti zamani hizo. Kuta zilikuwa kadhaa, za mawe na mbao, na jamaa hawakuona haya kutumia mawe ya Warumi kutoka ngome kuukuu ya Carpow, hapo jirani. Ndani kulikuwa na mafundi wa vibanio vya nguo vya madini, vile vya watu wa heshima. Kalibu zao za udongo zilipatikana.

Zilipatikana kwa sababu wanaakiolojia walichimbua haraka haraka miaka ya 1950, machimbo ya mawe yakiwasukuma mgongoni. Kufikia 1980, ngome kwisha.

Sasa kuna wanaosema, si walichimbua kwanza? Shida iko wapi? Mimi niliachia chuo njiani, sijidai msomi, lakini hiyo hesabu siikubali. Miaka mingi baadaye Chuo Kikuu cha Aberdeen kilipima upya mabaki yaliyohifadhiwa. Kumbe ngome ilijengwa karne ya 7 na haikukaa sana kabla ya kuteketea. Poa sana. Lakini waliweza kupima tu kile kilichobahatika kuwekwa.

Nani aliiwasha moto? Maadui? Wenyewe? Pa kuchimba kutafuta jibu palishapasuliwa, pakawa kokoto.