Wateja Wengi Si Mtaji: Funzo la Kukua na Kuanguka kwa Kampuni ya Nishati ya Bulb

Novemba 24, 2021, mahakama jijini London iliiweka kampuni ya Bulb chini ya usimamizi maalumu. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2015, ilikuwa ikiuza umeme na gesi kwa wateja wapatao milioni 1.6 nchini Uingereza. Ili huduma isikatike, Serikali ya nchi hiyo ilitenga kwa kuanzia Pauni bilioni 1.7 za umma.

Tukio hilo linastahili kuangaliwa upya na kila nchi inayoruhusu kampuni binafsi kuhudumia kaya kwa nishati. Bulb ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizokua kwa kasi kubwa katika soko la Uingereza, na wateja wake wengi waliisifu. Swali la msingi ni namna kampuni iliyoonekana kufanikiwa kiasi hicho ilivyogeuka kuwa mzigo wa Hazina.

Kukua kwa haraka

Soko la umeme na gesi ya majumbani nchini Uingereza lilifunguliwa kikamilifu kwa ushindani mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa muda mrefu lilitawaliwa na kampuni kubwa sita. Kuanzia mwaka 2010, mdhibiti wa soko hilo, Ofgem, alilegeza masharti ili kampuni ndogo ziingie na kuwapa wananchi nafuu ya bei. Kufikia mwaka 2018, idadi ya kampuni zilizokuwa zikiuza nishati kwa kaya ilizidi 70.

Kuingia katika biashara hiyo hakukuhitaji mitambo. Muuzaji wa nishati hamiliki nguzo, nyaya wala mabomba. Hununua umeme na gesi katika soko la jumla, hulipa ada ya kutumia miundombinu ya wengine, kisha humtumia mteja ankara. Hivyo, kampuni yenye mfumo mzuri wa kompyuta na matangazo ya kuvutia iliweza kuanza kazi ikiwa na mtaji mdogo.

Waasisi wa Bulb, Hayden Wood na Amit Gudka, waliitumia vyema nafasi hiyo. Waliondoa utitiri wa vifurushi uliowachanganya wateja, wakaweka bei moja inayoeleweka na kuahidi umeme unaotokana na vyanzo jadidifu. Aidha, mteja aliyemleta rafiki alipewa punguzo katika akaunti yake. Katika kipindi cha miaka michache kampuni ilivuka wateja milioni moja.

Nyufa zilizofichika

Hata hivyo, idadi ya wateja haikuwa kipimo cha uimara. Udhaifu wa kampuni nyingi changa ulikuwa katika maeneo mawili.

La kwanza ni ununuzi wa nishati. Kampuni makini hununua mapema, kwa bei iliyokwishakubaliwa, nishati ambayo wateja wake wataitumia miezi ijayo. Utaratibu huo unahitaji fedha za dhamana, na bei za soko zikishuka huonekana kuwa hasara. Baadhi ya kampuni ndogo zilikwepa gharama hiyo kwa kununua nishati kwa muda mfupi mfupi. Mradi bei zilikuwa tulivu, mbinu hiyo iliziwezesha kuuza kwa bei ya chini kuliko washindani wao.

La pili ni fedha za wateja wenyewe. Kaya nyingi nchini humo hulipa kiasi kilekile kila mwezi, hivyo wakati wa kiangazi hujilimbikizia salio linalotumika majira ya baridi. Kampuni zenye mtaji mdogo zilitumia salio hilo kuendeshea shughuli zao. Kila mteja mpya alileta fedha mpya, na kukua kukawa njia ya kugharimia kukua.

Mwaka 2021 bei ya gesi katika soko la jumla ilipanda zaidi ya mara nne ndani ya miezi michache. Wakati huohuo, tangu Januari 2019, sheria ilikuwa imeweka ukomo wa bei ambayo kaya ingetozwa, na ukomo huo ulikuwa ukibadilishwa mara mbili tu kwa mwaka. Kampuni ambazo hazikuwa zimenunua nishati mapema zikalazimika kununua ghali na kuuza kwa hasara.

Nani alilipa

Kwa mujibu wa taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ya Juni 2022, kampuni 28 zilianguka katika wimbi hilo na wateja wake milioni 2.4 wakahamishiwa kwa watoa huduma wengine. Gharama ya kuwahamisha ilikadiriwa kuwa Pauni bilioni 2.7, sawa na takriban Pauni 94 kwa kila mteja. Gharama hiyo ilirejeshwa kupitia ankara za wananchi wote, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kujiunga na kampuni hizo.

Bulb haikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hakuna kampuni iliyoweza kuwabeba wateja wake mara moja, ndiyo maana Serikali ililazimika kuiendesha kwa fedha za umma. Desemba 2022, wateja hao walihamia kampuni ya Octopus Energy chini ya makubaliano yaliyoitaka kampuni hiyo kurejesha fedha za Serikali. Makadirio ya gharama kwa umma, ambayo awali yalifikia Pauni bilioni 6.5, yalishuka sana baada ya bei za nishati kuteremka.

Octopus nayo ilianzishwa mwaka 2015 na ilianza ikiwa ndogo. Tofauti ni kwamba ilikuwa na wawekezaji wenye uwezo, ilinunua nishati mapema na ilipata mapato mengine kwa kuuza mfumo wake wa kompyuta kwa kampuni nyingine. Kufikia mwaka 2025 ilikuwa ikihudumia kaya zaidi ya milioni 7. Udogo, kwa hiyo, haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kukua bila akiba.

Wajibu wa mdhibiti

Baada ya janga hilo, Ofgem iliimarisha usimamizi. Tangu Machi 2025, kila mtoa huduma anatakiwa kulenga mtaji wa Pauni 115 kwa kila mteja wa umeme na gesi, na asiyefikia lengo hilo huwekewa masharti.

Nchini Tanzania mazingira ni tofauti. Kaya nyingi zilizounganishwa hupata umeme wa TANESCO na kulipia kabla ya matumizi kwa LUKU, huku EWURA ikisimamia bei na ubora wa huduma. Hata hivyo, sekta binafsi ina nafasi kubwa katika gesi ya mitungi na umeme wa gridi ndogo vijijini. Nafasi hiyo inatarajiwa kupanuka, kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Kadiri watoa huduma wanavyoongezeka, leseni haipaswi kuwa suala la karatasi pekee. Mdhibiti anahitaji kujua mtoa huduma ana mtaji kiasi gani, fedha zinazolipwa na wateja kabla ya huduma zinahifadhiwa wapi, na nani atachukua jukumu iwapo atashindwa. Mwananchi naye, anapovutiwa na bei nafuu, ana haki ya kuuliza maswali hayohayo kabla ya kulipa.