Sarakasi ya mamilioni na methali ya mcheza kwao

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tunaifunza darasani mwaka baada ya mwaka, na ni wajibu wa mwalimu kuwafafanulia wanafunzi kwamba kitenzi kutunza hapa hakina maana ya kuhifadhi, bali ni kumpa mchezaji tunzo mbele ya hadhira inayomjua. Lakini tukiitazama hali ya wanasarakasi wetu wa Afrika Mashariki, tutaona kwamba methali imesimama kichwa chini, miguu juu. Hao hucheza kwao bila tunzo, na wakitaka kutunzwa hupanda ndege.

Ndiposa nimeona vyema leo tulijadili swali ambalo huenda baadhi ya wasomaji wataliona kuwa la mbali: je, maonyesho makubwa ya sarakasi ya kisasa, yenye kugharimu mamilioni, yanaweza kustawi katika mitaa ya miji iliyozoea michezo ya kuigiza? Swali hili si la mbali hata kidogo. Serikali za kaunti zinapopanga kujenga kumbi za utamaduni, na vijana wetu wanapouliza iwapo kipaji cha kuruka na kubiringika kinaweza kuwalisha, jibu tutakalolitoa litaamua ni wapi fedha za umma zitatumbukizwa.

Na tuanze na walioitangulia safari hiyo. Kampuni ya Cirque du Soleil, iliyoanzishwa Québec, Canada, mwaka 1984, ndiyo iliyoigeuza sarakasi kutoka hema la wanyama na vichekesho hadi tamasha la mavazi ghali, mitambo na muziki. Huko Las Vegas ilifanikiwa ajabu. Onyesho lake la Mystère lilianza mwaka 1993 na lile la O mwaka 1998, na kila moja likadumu kwa miaka mingi. Hata hivyo, kampuni hiyo hiyo ilipobisha hodi mjini New York, ambako mtaa wa Broadway na majirani zake umeishi kwa tamthilia tangu jadi, mambo yalikuwa mengine. Banana Shpeel ya mwaka 2010 haikumaliza hata mwaka. Paramour, iliyogharimu takriban dola milioni 25, ilifunguliwa mwezi Mei 2016 na kufungwa Aprili 2017. Wahakiki wengi walilalamika kwamba kisa na sarakasi vilikuwa vikinyang'anyana jukwaa, kila kimoja kikimzuia mwenzake asionekane.

Mtu angeweza kuharakisha kusema kwamba Broadway haiitaki sarakasi. La hasha! Mwaka 2013, katika mtaa uo huo, mchezo wa nyimbo uitwao Pippin ulirudishwa jukwaani ukiwa umesukwa pamoja na wanasarakasi wa kundi la Les 7 doigts kutoka Montréal. Ulishinda tuzo ya Tony ya mchezo bora uliorudishwa, ukaendelea hadi Januari 2015. Tofauti ilikuwa nini? Katika Pippin, kuruka kulikuwa sehemu ya masimulizi. Mhusika aliporuka, hadhira ilijua ni kwa nini anaruka.

Kwa mtazamo wangu, siri yote imo katika aina ya watazamaji. Las Vegas ni mji wa wageni. Anayeketi ukumbini usiku wa leo kesho kutwa yuko safarini, na nafasi yake itatwaliwa na mgeni mwingine ambaye hajawahi kuona maajabu hayo. Onyesho la kustaajabisha, lisilo na kisa, linaweza kukaa hapo miaka thelathini kwa kuwa ni watazamaji wanaobadilika, si lenyewe. Mtaa wa tamthilia unaotegemea wenyeji, kwa upande mwingine, una hali tofauti. Mwenyeji akishastaajabu mara moja, hastaajabu tena vile vile mara ya pili. Kinachomrudisha ni kutaka kujua yatakayompata mtu fulani, au kusikia mambo yake mwenyewe yakisemwa.

Sasa turudi nyumbani, tuone kama hoja hii inasimama.

Itakumbukwa kwamba katika miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporejea likaundwa kundi la sarakasi la taifa. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianza kufundisha fani hiyo pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Ila lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu lilitokea katika kumbi za starehe za Dar es Salaam. Vikundi kama Muungano, na baadaye TOT iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya chama cha CCM na kuongozwa na Kapteni John Komba, viliandaa maonyesho marefu ambamo ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu vilifuatana usiku mmoja. Hapakuwa na mitambo ya mamilioni. Palikuwa na watu wa mtaani waliorudi wiki baada ya wiki, kwa sababu igizo lilikuwa jipya na vichekesho vilizungumzia mwenye nyumba, mke mwenza na bei ya unga. Ni kweli kwamba baadaye taarabu ilipanuka ikazimeza fani nyingine. Lakini kwa miaka mingi sarakasi na mchezo wa kuigiza vililala kitanda kimoja bila kugombana.

Kenya nayo ina somo lake. Shirika la Sarakasi Trust, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2001, liliugeuza ukumbi wa zamani wa sinema wa Shan, mtaani Ngara, kuwa makao ya mazoezi na maonyesho. Vijana kutoka mitaa ya kipato cha chini wamefunzwa humo, na wengi wamepata kazi katika sarakasi za ng'ambo. Ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo, mafanikio hayo yenyewe yanaonyesha pengo tulilo nalo. Tuna miili iliyofuzu, tuna kumbi, ila bado hatujawa na onyesho ambalo Mkenya wa kawaida atanunua tiketi yake mara tatu kwa mwaka. Pwani, sarakasi imefungiwa ua wa hoteli, ambako mwanasarakasi hucheza kwa robo saa baina ya chakula cha jioni na muziki, mbele ya mgeni ambaye hatarudi. Hiyo ni Las Vegas bila fedha za Las Vegas.

Hapa mwanaisimu anaruhusiwa kuteta kidogo. Neno sarakasi asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya duara. Lilipoingia katika Kiswahili, liliacha nyuma hema, simba na mtaji, likabaki na ustadi wa mwili. Mwanasarakasi kwetu ni mtu anayeruka, hata kama anarukia vumbini. Na duara lenyewe halikuwa geni. Sisi wa Taita tunaijua Mwazindika, ngoma ambayo uwanja wake hauwatengi wachezaji na watazamaji kwa pazia. Jukwaa lenye pazia, lililoinuliwa mbele ya viti vilivyopangwa kwa safu, ndilo lililokuja na wakoloni. Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1952, ulijengwa kwa mfano huo. Kwa hivyo, tukiuliza kama sarakasi inaweza kuishi katika nyumba ya tamthilia, yafaa tukumbuke kwamba katika utamaduni wetu hizo mbili hazikuwahi kuwa na nyumba tofauti.

Lakini hesabu haidanganyi, na hapa ndipo wapenda makuu wanapokwama. Tuseme ukumbi una viti 400 na onyesho limegharimu shilingi milioni 40. Tiketi ikiuzwa shilingi 1,000, itabidi viti vyote vijae kwa siku 100 ili fedha hizo zirudi, kabla hujawalipa wachezaji mshahara wa siku moja. Ukipandisha tiketi hadi 5,000, siku zitapungua kuwa 20, ila utakuwa umewafungia mlango mwalimu wa shule ya msingi na mwanafunzi wake. Utabaki na wageni na matajiri wachache, nao wakishaliona onyesho hawana sababu ya kurudi.

Anayetaka kujua jinsi ya kuendesha jambo ghali mahali penye watu wa kipato kidogo asiende mbali. Aje Mraru. Katika miaka ya 1970, kikundi cha wanawake wa hapa kilichanga fedha kidogo kidogo, kikakopa zilizopungua, kikanunua basi la kwenda Voi. Habari zao ziliandikwa katika kijitabu kilichosomwa hata nje ya Kenya. Basi lilikuwa chombo ghali mno kwa wanawake wa kijijini. Lakini kabla ya kulinunua walijua ni nani ataketi kwenye kiti kipi: ni wao wenyewe, na vikapu vyao, siku za soko. Walianza na abiria, ndipo wakatafuta gari. Waandaaji wa sarakasi ya mamilioni huanza na gari, kisha hutoka barabarani kutafuta abiria.

Ni lipi basi la kufanya? Kwanza, kaunti zisikimbilie kujenga majumba ya kifahari. Zitengeneze kumbi za wastani, zenye sakafu salama na dari ndefu ya kufungia kamba, na ziwakatie vijana bima, maana mwili wa mwanasarakasi ndio shamba lake, na shamba hilo halilimwi hadi uzeeni. Pili, onyesho moja lizunguke. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 inapita Nairobi, Voi na Mombasa. Gharama inayoulemea mji mmoja inaweza kubebwa na miji mitatu.

Tatu, na hili nawaelekezea walimu wenzangu, tuandike visa. Tamasha letu la kitaifa la drama la shule na vyuo limekuwa likichanganya mwili na hadithi kwa miongo mingi. Mwalimu aliyewahi kutunga ngoma ya kubuni anajua jinsi ya kumfanya kijana apande mabega ya mwenzake ili hadhira ione mnara, au mti, au serikali inayoyumba. Mfumo wa sasa wa elimu umetenga mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari pevu. Tukiutumia kufundisha kubiringika tu, tutakuwa tunakuza vijana wa kupelekwa ng'ambo. Tukiutumia kufundisha kubiringika na kutunga, kwa Kiswahili, Kidawida, Kisagalla na lugha nyinginezo, tutakuwa tunakuza hadhira pia.

Jibu langu basi ni hili. Sarakasi kubwa yaweza kufaulu katika mtaa wa tamthilia iwapo itakubali kuwa tamthilia, na iwapo bei yake itamruhusu mwenyeji kurudi. Bila mambo hayo mawili, fedha hata ziwe nyingi kiasi gani zitanunua makofi ya usiku mmoja. Mcheza kwao hutunzwa, naam. Lakini ni sharti kwanza walio kwao wawe na kiti cha kukalia.